Barua za Salem na Historia ya Fasihi ya Kiswahili: Tathmini ya Nyaraka za Richard Waters na Wenzake, 1837-1892

Utangulizi

Mnamo Machi 1837 Richard Palmer Waters, kijana wa umri upatao miaka thelathini kutoka mji wa Salem katika jimbo la Massachusetts, aliwasili Unguja kuanza kazi ya ukonsuli wa Marekani. Mapema mwaka huohuo Sayyid Said bin Sultan alikuwa ameitwaa Mombasa kutoka mikononi mwa Wamazrui baada ya mvutano wa miaka mingi. Matukio haya mawili yalitokea katika pwani moja na chini ya mtawala mmoja, lakini kumbukumbu zake zimetufikia kwa njia mbili zisizofanana. La kwanza limehifadhiwa katika shajara, madaftari ya hesabu na barua zilizosafirishwa hadi Salem na kutunzwa huko. La pili, kwa upande wa wenyeji, limehifadhiwa kwa sehemu kubwa katika tungo za Muyaka bin Haji, ambazo zilikaa vinywani na vifuani mwa watu kwa miongo kadhaa kabla ya kukusanywa kwa utaratibu.

Wanahistoria wa uchumi wamezitumia nyaraka za Salem kwa muda mrefu. Norman R. Bennett na George E. Brooks walichapisha mkusanyo mkubwa wa nyaraka hizo mwaka 1965, na Abdul Sheriff akazitegemea kwa kiasi kikubwa katika utafiti wake kuhusu watumwa, karafuu na pembe za ndovu uliotoka mwaka 1987. Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili, kwa upande wao, aghalabu wamezipita bila kuzigusa, kwa dhana kwamba barua ya mfanyabiashara iliyoandikwa kwa Kiingereza haina la kumwambia mwanafunzi wa Muyaka au wa Tippu Tip. Makala haya yananuia kuihoji dhana hiyo. Yatajadili nyaraka hizi kama utanzu wa maandishi, kisha yataangalia nafsi ya mwandishi inayojitokeza ndani yake, watu wanaotajwa na wasiotajwa, pamoja na alama zilizoachwa na mawasiliano hayo katika msamiati wa Kiswahili. Mwishoni yatalinganisha hatima ya barua hizi na hatima ya tungo za Mombasa za kipindi hichohicho.

Usuli wa Kihistoria

Uhusiano rasmi kati ya Marekani na dola ya Busaidi ulianzia katika mkataba uliotiwa sahihi Maskati tarehe 21 Septemba 1833. Aliyeufanikisha kwa upande wa Marekani ni Edmund Roberts, mfanyabiashara wa Portsmouth, New Hampshire, ambaye alikuwa amefika Unguja miaka michache kabla yake na kuyaona mwenyewe matatizo ya biashara ya huko. Mkataba huo uliwapa Wamarekani haki ya kuingia katika bandari zote za Sayyid Said na kulipa ushuru usiozidi asilimia 5 kwa bidhaa walizoteremsha. Bunduki na baruti ziliwekewa sharti: Unguja ziliweza kuuzwa kwa serikali pekee. Roberts alifariki Macau mwaka 1836, kabla ya kuona matunda ya kazi yake.

Waliofaidika zaidi na mkataba huo ni watu wa Salem. Mji huu mdogo ulikuwa tayari umepoteza sehemu kubwa ya biashara yake ya zamani kwa Boston na New York, na manahodha wake walikuwa wakitafuta bandari ambazo washindani wao hawajazizoea. John Bertram alikuwa miongoni mwa waliofungua njia ya Unguja mwanzoni mwa miaka ya 1830, akifuata sandarusi, malighafi iliyohitajika sana katika utengenezaji wa vanishi. Baada yake walikuja Michael Shepard na wengine. Walipeleka Unguja nguo za pamba, nyaya za shaba, bunduki na baruti. Wakarudi na pembe za ndovu, sandarusi, ngozi na karafuu. Waters alikuwa konsuli wa kwanza wa taifa la Magharibi kukaa Unguja. Muingereza Atkins Hamerton hakufika mpaka mwaka 1841.

Ni muhimu kukumbuka kwamba ukonsuli wa wakati huo haukuwa kazi ya mshahara. Konsuli alikuwa mfanyabiashara aliyepewa bendera. Jambo hili, ambalo huonekana dogo, ndilo ufunguo wa kuzielewa nyaraka za Waters, kwa sababu mtu yuleyule aliiandikia serikali yake Washington, akawaandikia matajiri wake Salem, na usiku akajiandikia mwenyewe katika shajara.

Barua kama Utanzu

Barua ya biashara ya karne ya 19 ilikuwa na kanuni zake. Iliandikwa kwa nakala zaidi ya moja, kila nakala ikapewa chombo chake, ili kimoja kikizama kingine kifike. Safari kati ya Unguja na Salem ilichukua miezi. Kwa hiyo mwandishi alimwandikia msomaji ambaye angeisoma habari ya soko wakati soko lenyewe limekwisha kubadilika. Hali hii iliipa barua muundo maalumu: mwanzo unaotaja barua zilizopokelewa na tarehe zake; kiini kinachoorodhesha bei, shehena na vyombo vilivyomo bandarini; na mwisho uliojaa makisio kuhusu msimu ujao, kwamba kusi ikivuma wafanyabiashara fulani wataondoka na kaskazi ikija watarudi wengine.

Barua hizi pia ni maandishi ya siri. Matajiri wa Salem hawakupenda wapinzani wao wajue faida ya Unguja, na mawakala wao walihimizwa kufunga midomo mbele ya manahodha wageni. Mhakiki anayezisoma leo hana budi kuzingatia kwamba anasoma matini ambayo hayakukusudiwa kusomwa na umma. Ukweli wake kuhusu bei unaweza kuaminika kwa kiasi kikubwa, kwani uongo kuhusu bei ungemgharimu mwandishi mwenyewe. Maelezo yake kuhusu tabia za watu yanahitaji tahadhari zaidi, kwa sababu wakala aliyepata hasara alihitaji mtu wa kumlaumu.

Msomaji wa Kiswahili anapoutazama utanzu huu anakumbushwa mara moja utamaduni wa waraka wa pwani. Waswahili walikuwa wakiandikiana kwa hati ya Kiarabu kwa muda mrefu, na mkusanyo wa nyaraka uliochapishwa na Mjerumani C. G. Büttner mwaka 1892 unaonyesha jinsi waraka huo ulivyokuwa na adabu yake: salamu ndefu, dua, kutajwa kwa jamaa na hali zao, ndipo haja itajwe. Katika barua ya Salem haja hutangulia na jamaa, wakitajwa, hufuata. Ni kweli kwamba tofauti hii inahusu adabu, lakini inahusu pia namna ya kuuelewa mkataba kati ya watu wawili. Kwa mwandishi wa pwani, deni hukaa ndani ya udugu, na haliwezi kudaiwa kabla ya udugu wenyewe kuthibitishwa. Kwa mwandishi wa Salem, daftari la hesabu linatosha kuwa uthibitisho.

Hata hivyo, tofauti hiyo isitiliwe chumvi. Tippu Tip, yaani Hamed bin Muhammed el Murjebi, alipoyasimulia maisha yake, masimulizi ambayo Heinrich Brode aliyachapisha mwanzoni mwa karne ya 20, alitumia hesabu kama uti wa mgongo wa usimulizi: frasila ngapi za pembe, mali kiasi gani, mkopo kutoka kwa nani. Frasila hiyohiyo, kipimo cha ratili zipatazo 35, imo katika barua za Salem, imeandikwa kwa Kiingereza bila kutafsiriwa. Nathari ya mfanyabiashara wa pwani na nathari ya mfanyabiashara wa Massachusetts zilikutana katika kipimo kimoja kabla hazijakutana katika lugha moja.

Nafsi Mbili za Konsuli

Waters alikuwa Mkristo mcha Mungu na mpinzani wa utumwa. Shajara yake inamwonyesha mtu anayehuzunishwa na hali ya watumwa aliowaona, na anayejiuliza wajibu wake mbele za Mwenyezi Mungu. Barua zake za biashara zinamwonyesha mtu mwingine: mwepesi wa hesabu, mkali kwa washindani, na mwenye bidii ya kuhakikisha kwamba meli za Salem zinapakiwa kabla ya zile za mahali pengine. Nafsi hizi mbili hazigombani waziwazi katika maandishi. Kila moja ina daftari lake.

Mhakiki anaweza kushawishika kumwita mnafiki na kuyafunga mazungumzo. Hukumu hiyo ingekuwa rahisi mno. Biashara aliyoisimamia Waters ilishikamana na utumwa katika ncha zake zote mbili. Pamba iliyofumwa katika viwanda vya Massachusetts ilivunwa na watumwa katika majimbo ya kusini ya Marekani. Nguo iliyotokana nayo ilinunua pembe za ndovu katika bara ambamo biashara ya pembe na biashara ya watu zilisafiri njia moja, na karafuu alizopakia zilichumwa na watumwa katika mashamba ya Unguja na Pemba. Waters aliuchukia utumwa aliouona kwa macho yake. Ule uliomo ndani ya bidhaa yake mwenyewe haukuhitaji kutazamwa, kwani bidhaa ilifika ikiwa imekwisha kufungwa robota.

Hapa ndipo ulinganishaji wa shajara na barua unapokuwa na thamani ya kihakiki. Kama tungekuwa na shajara peke yake, Waters angesimama kama shahidi mwema wa maovu ya wengine. Kama tungekuwa na barua peke yake, angesimama kama mfanyabiashara asiye na dhamiri. Kuwepo kwa zote mbili, kwa mkono mmoja na pengine kwa wino wa siku moja, kunamlazimisha msomaji akubali kwamba dhamiri na faida zaweza kuishi nyumba moja bila kuamkiana. Waters aliondoka Unguja katikati ya miaka ya 1840 akiwa amepata utajiri, na akafariki mwaka 1887.

Waliotajwa na Wasiotajwa

Mtu anayetajwa sana katika nyaraka hizi miongoni mwa wakazi wa Unguja ni Jairam Shivji, Mhindi aliyekodi forodha ya Sayyid Said. Yeye na Waters walifanya kazi kwa ukaribu mkubwa, kiasi cha wafanyabiashara wengine, Waingereza na hata baadhi ya Wamarekani, kulalamika kwamba mgeni asiyepitia kwao hapati shehena wala hamali. Katika barua hizi Jairam ni mhusika kamili: ana hila, ana subira, ana heshima yake. Sayyid Said mwenyewe naye hutokea, akitembelewa, akiandikiwa, akiombwa.

Kinyume chake, waliobeba mizigo, waliochimba sandarusi katika ardhi ya Mrima, na waliochambua karafuu hawana majina. Wanaingia katika barua kwa njia ya gharama. Sandarusi hapo awali ilipelekwa Salem ikiwa na uchafu wake, ikasafishwa huko katika karakana ya Jonathan Whipple. Baadaye, miaka ya 1860, mabadiliko ya ushuru wa Marekani yalifanya kazi hiyo ihamie Unguja. Katika madaftari tukio hilo ni badiliko la safu ya hesabu. Kwa wafanyakazi wa pande zote mbili za bahari lilikuwa badiliko la maisha, na hakuna barua inayolisimulia kwa upande wao.

Mfano wa kinyume ni ule wa Ahmad bin Na'aman, mjumbe wa Sayyid Said aliyefika New York tarehe 30 Aprili 1840 kwa merikebu ya Sultana, akiwa na zawadi kwa Rais Van Buren. Wamarekani walimtazama kwa udadisi mkubwa, na mchoraji Edward Mooney akamchora. Picha hiyo imekuja kuhifadhiwa Salem, mji uleule wa Waters. Kwa hiyo Salem ina uso wa mtu wa dola ya Unguja, lakini sauti zilizotawala katika makavazi yake ni za watu wa Salem. Mhakiki anayetaka kuandika historia ya fasihi ya kipindi hiki anapaswa kuupima umbali huo kati ya kuonekana na kusikika.

Merikani na Njia ya Maneno

Athari iliyo dhahiri zaidi ya biashara hii katika Kiswahili ni neno merikani, pia amerikani, yaani kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi. Burton, aliyesafiri bara kati ya 1857 na 1859, alilikuta neno hilo likitumika kote katika njia ya misafara, pamoja na kaniki, nguo ya buluu iliyotoka India. Kwa watu wengi wa bara merikani ilikuwa nguo kabla ya Marekani kuwa nchi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, viliikata pamba hiyo, na nafasi yake ikachukuliwa na vitambaa vya Uingereza na vya Bombay. Jina lilibaki. Katika karne ya 20 hata kitambaa kilichotoka Japani kiliitwa amerikani, neno likiwa limekwisha kusahau lilikotoka.

Maneno yalisafiri upande wa pili pia, na jambo hili halijapewa uzito unaostahili katika historia za Kiswahili. Samuel K. Masury wa Salem alikusanya orodha ya maneno ya Kiswahili iliyochapishwa Massachusetts katikati ya miaka ya 1840, wakati ambapo mwanaisimu John Pickering, naye mzaliwa wa Salem, alikuwa rais wa chama kipya cha Wamarekani cha taaluma za Mashariki. Johann Ludwig Krapf alifika Unguja Januari 1844 na kupokewa na Waters kabla ya kwenda Mombasa. Mwaka 1847 sura tatu za kwanza za kitabu cha Mwanzo katika tafsiri yake zilitokea katika jarida la chama hichohicho. Sura hizo ni miongoni mwa matini za mwanzo kabisa za Kiswahili kupigwa chapa kwa hati ya Kirumi, na zilichapishwa Marekani. Historia ya maandishi ya Kiswahili katika hati hiyo, ambayo kwa kawaida huanzishwa na wamisionari wa Mombasa, Unguja na Magila, ina mlango mmoja unaoelekea kwa wauza nguo wa Salem.

Makavazi Mawili

Barua za Salem ziliendelea kuandikwa hata baada ya biashara yenyewe kudhoofika. Edward D. Ropes mdogo aliandika nyumbani kutoka Unguja kati ya 1882 na 1892, miaka ambayo Wajerumani na Waingereza waliigawana pwani, na Bennett akazihariri barua hizo mwaka 1973. Nyaraka za koo hizi zilihifadhiwa na taasisi mbili za Salem zilizoungana mwaka 1992 na kuwa Peabody Essex Museum. Mwaka 2018 maktaba ya jumba hilo ilipofunguliwa katika mji jirani wa Rowley, wenyeji wa Salem walilalamika kwamba urithi wao umehamishwa, ingawa Rowley si mbali. Malalamiko hayo yanastahili kusikilizwa na msomaji wa Afrika Mashariki, kwa kuwa sehemu kubwa ya historia yake iko mbali zaidi ya Rowley.

Tungo za Muyaka zilikuwa na safari nyingine. Zilihifadhiwa na wajuzi wa Mombasa, kisha Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi na W. E. Taylor wakazikusanya katika miaka ya mwisho ya karne ya 19. Hichens alizichapisha Johannesburg mwaka 1940, na Mohamed H. Abdulaziz akazitolea uchambuzi wa kina mwaka 1979. Karatasi za Taylor ziko London. Kama Mwalimu Sikujua asingezijali, huenda leo tungesoma habari za enzi ya Sayyid Said kwa kalamu ya Waters na Hamerton pekee, na Mombasa iliyompinga isingekuwa na neno.

Tofauti kati ya makavazi haya mawili haitokani na ubora wa waandishi. Muyaka ni mshairi mkubwa, naye Waters hakudai kuwa mwandishi. Tofauti inatokana na taasisi: Salem ilikuwa na matajiri walioweza kujenga jumba la kuhifadhi karatasi zao, hata zile za bei ya ngozi. Mombasa iliyotekwa ilikuwa na watu wenye hifadhi nzuri ya moyo, na hifadhi ya moyo hufa pamoja na mwenyewe isipopata mrithi.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba barua za Salem zina nafasi katika mtalaa wa fasihi ya Kiswahili, si kama fasihi ya Kiswahili, bali kama matini ya jirani yanayosomwa sambamba nayo. Mwanafunzi anayesoma Muyaka, waraka wa Büttner, masimulizi ya Tippu Tip na barua za Waters pamoja ataiona karne ya 19 kwa pande nne, na atajifunza kuuliza kila mara ni nani aliyeandika, kwa ajili ya nani, na ni nani aliyeitunza karatasi.

Kwa wasomi wa Eldoret jambo hili si la mbali. Misafara iliyobeba merikani ilipita Baringo na kufika Mumias, ikiuzunguka au kuukata uwanda wa Uasin Gishu kabla ya mji wenyewe kuwepo. Katika mji huohuo kiwanda cha nguo cha Rivatex kilianguka kisha kikanunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007. Chuo kinachomiliki kiwanda cha nguo kina sababu ya kuijua historia ya nguo, na idara za lugha zina sababu ya kuuliza madaftari ya kiwanda, barua za wafanyakazi wake na nyimbo zao ziko wapi. Hali kadhalika, familia nyingi za Lamu, Mombasa, Unguja na hata za Wanubi na Waswahili wa miji ya bara zingali na masanduku yenye nyaraka za hati ya Kiarabu: mikataba ya shamba, hati za mirathi, barua za safari. Mchwa na mvua havingojei mtafiti. Kazi ya kuziorodhesha, kuzinakili kwa idhini ya wenyewe na kuziacha mikononi mwao inaweza kufanywa na wanafunzi wa shahada ya kwanza wakiwa likizoni makwao, na hiyo ndiyo kazi ambayo Mwalimu Sikujua aliifanya kwa Muyaka.